Triga nyepesi, mkono mzito: nipeleke Ceska yangu kwa fundi?

"Mwalimu, salamu. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Nakuru na umri wangu ni miaka 46. Nilipata cheti cha kumiliki bastola baada ya kuvamiwa mara mbili nikifunga duka. Silaha yangu ni Ceska 75 B, niliinunua kwa muuzaji mwenye leseni ikiwa imetumika, nami huibeba kila siku. Shida ni kwamba nikipiga shabaha kwa mita 10, risasi nyingi huenda chini upande wa kushoto, na ile ya kwanza ndiyo mbaya zaidi kwa sababu triga ni nzito mno. Vidole vyangu si virefu. Rafiki yangu alipeleka bastola yake ya Glock kwa fundi Nairobi, ikarudi na triga laini, mtutu mpya na mpini uliochomwa vidoto usiteleze. Anasema sasa inajipiga yenyewe. Nimeambiwa kazi kama hiyo kwa yangu itanigharimu karibu theluthi moja ya bei niliyonunulia bastola. Kuna pia kijana wa Eldoret asiye na duka, ila husemekana ana mkono mzuri, na huyo anataka nusu ya hizo. Natamani pia kuingia mashindano siku moja. Mke wangu hataki kusikia habari ya triga nyepesi ndani ya nyumba. Nifanye au niache?"

Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara mbili. Umeuliza habari ya fundi, lakini mimi nilisimama kwenye yale maneno "chini upande wa kushoto". Mtu anayepiga kwa mkono wa kulia akiniambia hivyo, huutazama mkono wake kabla sijaigusa bastola. Sikudharau. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na uwanjani sote tumewahi kuwa mbaazi. Nilipokuwa nikijifunza ufundi wa silaha nilibadilisha kilengeo cha mbele mara mbili, nikiwa na hakika kimepinda. Mwalimu wangu akaichukua ile bastola, akatoboa katikati ya karatasi mara tano, akanirudishia bila kusema neno.

Fanya hivyo hivyo kabla hujatoa shilingi. Mpe mwalimu wa uwanjani Ceska yako apige risasi tano kwa mita hizo hizo 10. Kisha ipige wewe ukiwa umekaa, mikono imeegemea mfuko wa mchanga. Zake zikienda katikati na zako za kuegemea zikisogea huko, bastola haina neno. Lakini zake na zako zikibanana mahali pamoja nje ya shabaha, vilengeo vimehama, na kuvisogeza ni kazi ya dakika chache kwa fundi. Hutahitaji kulipa theluthi ya bei ya bastola kwa hilo.

Sasa nikueleze kwa nini nashuku mkono. Ceska 75 ikiwa tupu ina uzito wa takriban kilo moja. Nyundo, kile chuma cha nyuma kinachopiga ili risasi ilie, ikiwa imelala, triga yake hutaka nguvu ya kilo nne, tano, na nyingine hupita hapo, kwa sababu kidole chako kinafanya kazi mbili: kinainua nyundo dhidi ya springi yake, halafu kinaiachilia. Baada ya risasi ya kwanza slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayokwenda na kurudi, inaporudi nyuma huiacha nyundo imesimama, kwa hiyo kuanzia ya pili kidole kinaachilia tu, na kilo mbili hivi zinatosha. Angalia hesabu yake. Kwa risasi ya kwanza unavuta kwa nguvu ya mara nne au tano ya uzito wa kitu ulichokishika hewani, hakijafungwa popote. Kidole peke yake hakiwezi bila msaada, kwa hiyo mkono mzima unafumba, vidole vya chini vinakaza, na mdomo wa bastola unainama. Aliyeshika kwa mkono wa kulia huinama chini kushoto. Wa mkono wa kushoto huenda chini kulia.

Na haihitaji kuinama sana. Kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele cha bastola yako ni kama milimita 160. Kilengeo cha mbele kikihama milimita moja tu, risasi itaikosa shabaha kwa zaidi ya sentimita 6 ukiwa mita 10. Itoe kadi yako ya benki mfukoni uitazame kwa upande: unene wake haufiki hata milimita moja. Hicho ndicho kiasi cha mtikisiko tunachokizungumzia, na hakuna mtutu mpya utakaokiondoa.

Kuna na ugonjwa wa pili unaopenda kuandamana na huo: mwili kuusubiri mshindo. Ubongo unajua kishindo kinakuja, basi mikono inausukuma mdomo wa bastola chini punde tu kabla ya wakati. Mwenyewe huwezi kuuona, maana bastola ikilia kila kitu kinaruka. Mwombe mwalimu akuwekee risasi kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi, akichanganya na mbili tatu bandia, usijue zilipo. Ukifika kwenye bandia, bastola italia "tak" na wewe utajiona ukichimba chini kama mwenye jembe. Wengi hucheka kwa aibu. Ndio mwanzo wa kupona, na dawa yake ni kuvuta triga bila risasi, kwa utaratibu, dakika kumi kwa siku: silaha imekaguliwa mara mbili kuwa ni tupu, risasi zote ziko chumba kingine, mdomo umeelekezwa ukuta imara usio na mtu nyuma yake. Weka sarafu juu ya slaidi karibu na kilengeo cha mbele. Siku utakayovuta ile triga nzito mara kumi na sarafu isianguke, uje tuzungumze habari za fundi ukiwa mtu mwingine.

Kabla sijasahau, una miaka 46. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho hupoteza ulaini wake, na kitu kilicho umbali wa mkono ulionyooshwa huanza kuwa na ukungu. Kilengeo cha mbele kiko hapo hapo. Nimeona watu wazima wakilipa kubadilishiwa kila kitu kwenye bastola, kumbe walichohitaji ni miwani. Ikiwa siku hizi unasogeza simu mbali ili usome ujumbe, mtembelee daktari wa macho kwanza, umwambie wazi kwamba unataka kuona kitu kilicho kama sentimita 70 mbele yako.

Haya, tuseme umefanya yote hayo na bado triga inakusumbua. Je, ni kosa lako tu? Hapana, na hapa nakupa haki yako. Uliposema vidole vyako si virefu ulisema jambo kubwa pengine bila kujua. Katika Ceska hii, nyundo ikiwa imelala triga huwa imesimama mbele sana. Mtu mwenye vidole vifupi huifikia kwa ncha tu, na ncha ya kidole haina nguvu ya kuvuta kilo tano moja kwa moja nyuma. Huvuta kwa pembeni. Hapo uzito na urefu wa safari vinakuwa adui wawili kwa wakati mmoja. Dawa ya kwanza ni vibao vyembamba vya mpini. Hufungwa kwa skrubu, havigusi mtambo wowote wa kufyatulia, na ukichoka navyo unarudisha vya zamani. Vinapunguza unene kwa milimita chache, na milimita chache zinatosha kukileta kidole kwenye triga kwa kiungo cha kwanza badala ya ncha. Kama ningekuwa na ruhusa ya kukuchagulia kitu kimoja tu, kingekuwa hicho, na bei yake haiko hata karibu na ile uliyotajiwa.

Sasa twende kwenye "triga laini" yenyewe, kwa maana neno hilo linaficha kazi nne zisizofanana, na mafundi wasio waangalifu huziuza kama kifurushi kimoja.

Kazi ya kwanza ni kulainisha njia. Ndani ya bastola kuna utepe wa chuma unaotoka kwenye triga kwenda nyuma, na mahali unapopita huwa na mikwaruzo ya kiwandani. Fundi akiipiga msasa laini mahali panapostahili, springi zikabaki zile zile, uzito hushuka kidogo lakini zile kwaruzo unazozihisi katikati ya safari hupotea. Kazi hii naikubali hata kwa bastola ya kubeba, ikiwa imefanywa na mtu mwenye leseni na anayejua pa kuacha.

Ya pili ni kubadilisha springi ya nyundo iwe dhaifu zaidi. Kwa kidole ni raha ya papo hapo. Lakini springi ile ile unayoilaani ndiyo inayoipa nyundo nguvu ya kupiga pini, na pini ndiyo inayoponda kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi. Viwashio havifanani, vingine vina chuma kigumu, hasa vya risasi zilizotengenezwa kwa mtindo wa kijeshi. Ukidhoofisha springi kupita kiasi, siku moja utavuta, nyundo itaanguka, na utasikia "tak" ile ya risasi bandia. Uwanjani ni jambo la kucheka. Mlangoni pa duka saa mbili usiku si jambo la kucheka. Anayetaka springi nyepesi kwa ajili ya mashindano huzijaribu kwa mamia ya risasi za aina ile ile atakayotumia. Mtu anayebeba bastola kwa usalama wake aendelee na springi ya kiwanda.

Ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi. Kuna kipande kidogo, mafundi hukiita sia, kinachoishika nyundo isianguke. Nyundo ina meno mawili madogo, na sia imeingia chini yake. Sehemu inayoshikana haifiki milimita moja. Uso wa chuma hapo umepashwa moto uwe mgumu, na pembe yake imewekwa makusudi ili unapovuta triga, nyundo irudi nyuma nywele moja kabla ya kuachiliwa. Kurudi huko ndiko kinga yako: nyundo haiwezi kuteleza yenyewe, kwani ni lazima ipande kwanza. Mtu akisugua pembe hiyo kwa mashine ndogo ya mkono ili triga "ikatike kama glasi", anaondoa ule mpando. Siku ya kwanza utampongeza. Baada ya risasi mia kadhaa ule uso mgumu umekwisha, chuma laini kinalika, na slaidi inapofunga kwa kishindo nyundo inaifuata. Hapo bastola inaweza kulia bila kidole, au kulia mara mbili kwa mvuto mmoja.

Nililifanya kosa hili kwa mikono yangu. Nilikuwa Kisumu, kijana mwenye kujiamini, na kipande kilikuwa cha mazoezi, nashukuru Mungu. Nilisugua, nikajaribu, nikasugua tena. Mvuto wa kumi na mbili nilipoachia slaidi nyundo ilianguka yenyewe mbele ya macho yangu, chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu, ikiwa tupu. Nilikaa chini. Tangu siku hiyo sijawahi kumsugulia mtu sia ya bastola ya kubeba, na nikiulizwa kwa nini, husimulia habari ya nyundo ile.

Ya nne ni kuondoa kizuizi cha pini. Herufi B kwenye bastola yako inasimamia hicho. Ceska 75 za mwanzo, zilizobuniwa na ndugu wawili Koucký na kutoka mwaka 1975, hazikuwa nacho. Baadaye kiwanda kikaongeza kipande kinachoizuia pini isisogee mbele hadi triga ivutwe kabisa, ili bastola ikianguka isilie. Kipande hicho huongeza kauzito kidogo kwenye triga, na baadhi ya wapiga mashindano hukitoa. Usikubali. Kwa mtu anayepanda na kushuka bodaboda, anayebeba mabati na kuinamia magunia ya simenti akiwa na bastola kiunoni, kile kizuizi ndicho kinachosimama kati ya kuanguka kwa chuma na kuanguka kwa mtu.

Hapo kuna swali ambalo hukuligusia: unaibebaje? Ceska 75 B haina kitufe cha kuishusha nyundo salama kama ilivyo kwa ndugu yake 75 BD. Ukitaka kubeba risasi ikiwa ndani ya chemba na nyundo imelala, huna budi kuishika nyundo kwa dole gumba, kuvuta triga, na kuishusha polepole juu ya risasi hai. Ni tendo linalotaka utulivu kila mara bila kukosea, na triga ikifanywa nyepesi nafasi ya dole gumba kuteleza inakua. Njia nyingine ni nyundo kusimama na sefti, kile kitufe cha usalama, ikiwa juu, jambo ambalo bastola hii inaruhusu, lakini hapo unategemea ile triga ya kilo mbili. Ukiiteremsha iwe kilo moja, sefti ikisukumwa na mkanda wa kiti cha gari bila wewe kujua, kimebaki nini? Zungumza na mwalimu wako kuhusu hili ana kwa ana, bastola ikiwa tupu mezani. Si jambo la kumaliza kwa maandishi.

Mkeo ana hoja, ndugu yangu, na nzuri kuliko anavyojua. Mtu aliyeshtuka hukaza mikono yote bila kuamua. Mkono wa kushoto ukikamata kitu kwa ghafula, au mguu ukiteleza, wa kulia nao hufumba. Hofu pia huondoa ule uhodari wa ncha za vidole. Kidole kinachotetemeka hakitofautishi kugusa na kuvuta. Uzito wa triga ya kiwandani upo kwa ajili ya dakika hiyo. Na ikitokea, Mungu apishe mbali, ukalazimika kufyatua, bastola itachukuliwa kuwa kielelezo na kuchunguzwa. Hutapenda mtaalamu asimame mahakamani aseme kizuizi cha pini hakikuwepo na sia ilikuwa imesuguliwa kwa mkono.

Usiipime yako kwa Glock ya rafiki yako pia. Glock haina nyundo ya nje wala sefti ya dole gumba. Kila mvuto wake ni sawa, kilo mbili na nusu hivi kutoka kiwandani, na kinga zake zote hufunguliwa na triga yenyewe. Ukiilainisha sana, umekata kipande cha sefti yenyewe. Na kauli ya kwamba "inajipiga yenyewe" ningetaka kuiona kwenye karatasi, kabla na baada.

Kuhusu mtutu mpya sitakuchosha. Bastola nzuri ya kiwandani ikiegemezwa juu ya mchanga hupiga ndani ya sentimita 5 hadi 10 kwa umbali wa mita 25. Kwa mita 10 zako hiyo ni karibu tundu moja. Mtutu uliokazwa sana ni wa mtu ambaye tayari mkono wake umeishinda bastola, tena anayepiga mahali safi. Wewe uko Nakuru, mji ambao wenyewe husema jina lake la Kimaasai lilimaanisha mahali pa vumbi, na asubuhi upepo ukishuka kutoka Menengai hakuna anayebisha. Ile nafasi ndogo kati ya vyuma, inayofanya bastola itikisike kidogo ukiitingisha, si uzembe wa kiwanda. Ndimo vumbi na moshi wa baruti hupata pa kwenda. Ukiikaza, uisafishe kila jioni. Kwa wa Kisumu ningesema habari ya jasho na kutu, lakini hilo ni la siku nyingine.

Mpini wa kuchomwa vidoto haukuhusu, kwa kuwa huchomwa plastiki, na fremu yako ni chuma. Ukitaka usiteleze, vibao vyembamba vyenye mikwaruzo vitafanya kazi hiyo pia. Vilengeo, kwa upande mwingine, navipigia debe: cha mbele chenye nukta ya rangi kali, cha nyuma cheusi kitupu. Kwa macho ya miaka 46 tofauti utaiona siku hiyo hiyo.

Na kwa kuwa uliinunua ikiwa imetumika, mwombe fundi aikague yote kabla ya kuipamba. Springi ya kurudisha slaidi huchoka, na hakuna anayejua imepiga risasi ngapi kwa mmiliki wa kwanza. Pini ya kusimamishia slaidi katika Ceska zilizopigwa sana hujulikana kwa kupasuka. Vipande hivi viwili si ghali na ndivyo vinavyoamua kama bastola italia siku unapoihitaji.

Mashindano sasa. Ndoto nzuri, na ningekuhimiza, kwani hakuna mwalimu kama saa inayohesabu sekunde huku watu wanatazama. Lakini ingia na bastola uliyo nayo. IPSC, shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha lililoanzishwa mwaka 1976, lina daraja liitwalo Production kwa ajili ya bastola za kiwandani. Kanuni zake zimekuwa zikitaka mvuto wa kwanza usipungue kilo 2.27, au kila mvuto usipungue kilo 1.36, na marekebisho yanayoruhusiwa ni machache. Mtu akikusugulia triga kwanza halafu ndipo usome kanuni, unaweza kujikuta umetupwa kwenye daraja la watu wenye bastola za bei ya gari. Nenda siku ya mashindano pale uwanja wa Kirigiti, Kiambu, ukatazame tu. Waulize wanaopiga kwa Ceska wamebadilisha nini. Ukivutiwa kweli, baada ya mwaka mmoja au miwili, omba kibali cha bastola ya pili iwe ya michezo pekee, na hiyo umpe fundi afanye apendavyo ndani ya kanuni. Ya kubeba iachwe ilivyo. Kuzichanganya hizi mbili katika chuma kimoja ndiko kunakoleta shida nyingi nilizoona.

Nimemweka kijana wa Eldoret mwisho kwa makusudi, maana kwake sina la kupima. Eldoret kuna kiwanda cha risasi cha serikali, ni kweli, lakini hilo halimfanyi kila kijana wa Eldoret kuwa fundi wa bastola. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kazi ya kutengeneza na kurekebisha silaha kwa malipo ni ya muuzaji au fundi aliyesajiliwa. Cheti chako kinakuruhusu wewe kuwa na bastola ile. Hakimruhusu yeye kulala nayo nyumbani kwake. Ukimwachia, nyote wawili mko nje ya sheria, na bastola ikipotea mikononi mwake ni namba yako itakayoandikwa kwenye taarifa. Jua pia kwamba sheria hiyo huhesabu vipande muhimu vya silaha kuwa silaha. Mtutu uliokuja kwa kifurushi kutoka ng'ambo si "spea" kama ya gari. Wala mtu asiiguse namba ya bastola, hata kwa kisingizio cha kuipaka rangi upya. Na ile ajali ya sia niliyokueleza, ya bastola kulia mara mbili kwa mvuto mmoja, ikumbuke: silaha inayojipiga mfululizo si ya raia, hata kama ilifika hapo kwa ujinga wa fundi.

Fundi wa halali utamjua upesi. Atataka kuona cheti chako kabla hajafungua sanduku. Ataandika namba ya bastola kwenye stakabadhi pamoja na kila kitu atakachogusa. Atakurudishia vipande vya zamani kwenye kibahasha. Ukimwambia atoe kizuizi cha pini kwenye bastola ya kubeba, atakataa, na akikataa umpende. Atapima triga kwa kipimo mbele yako kabla na baada ya kazi, si kwa kidole chake.

Ikiwa wakati wowote nyundo itaanguka bila kuvutwa, bastola italia mara mbili, sefti italegea, au triga itakuwa nyepesi ghafla bila mtu kuigusa, usiendelee kupiga ili "uone kama itarudia". Elekeza mdomo mahali salama, toa magazini, toa ya chemba, na usiibebe tena hadi fundi aliyesajiliwa aione.

Kwa hiyo jibu langu kwa theluthi ile ya bei: iache mfukoni kwa sasa. Toa sehemu yake ndogo kwa ukaguzi, springi mpya ya slaidi, vibao vyembamba na kilengeo cha mbele. Nyingine inunue risasi za mazoezi na saa chache na mwalimu. Baada ya miezi sita, ikiwa risasi ya kwanza bado inakusaliti na sarafu haianguki, basi mwombe fundi ile kazi ya kwanza tu, ya kulainisha njia, springi za kiwanda zibaki.

Utakapokwenda Nairobi, ipeleke mwenyewe. Usiitume kwa matatu kama kifurushi cha viatu. Iwe tupu, cheti kiko mfukoni, risasi zimefungwa peke yake. Na uchukue zile karatasi za shabaha: za mwalimu, zako za kusimama, zako za kuegemea, kila moja imeandikwa tarehe na umbali. Fundi anayejua kazi yake atazitandaza mezani na kuzitazama kabla hajakuomba hiyo bastola.